Ziwa Lililoingia Hemani

Tarehe 2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Kifungo ana mafua na Mkasi ana mdomo, kama kawaida yao. Majina uliyowapa wajukuu wako yamewaganda. Siku hizi hata mwalimu humwita binti yangu Mkasi, kwa jinsi anavyokata maneno ya watu.

Nakuandikia kwa sababu ulisema simu inakupigia kelele sikioni, na habari zenye uzito unazitaka kwenye karatasi. Haya, hii ina uzito. Likizo hii tunakwenda kupiga kambi. Usicheke. Baba Mkasi alimtengenezea baiskeli bwana mmoja anayelinda ule msitu wa kando ya ziwa, akaambiwa tunaweza kulala kule: nyasi zipo, maji yapo, choo kipo. Mama, Kifungo ana miaka minne na hajawahi kulala mahali pasipo na kitu kinachounguruma. Chini yetu karakana ya baiskeli, kulia mashine ya kusaga, kushoto gereji. Juzi mashine ya kusaga iliharibika, akaamka analia kwamba nyumba imekufa. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Hema hatuna. Ya dukani nimeyashika kwa mkono, kitambaa chake kinatia huruma. Wewe umeshona mapazia maisha yako yote. Hema si pazia lenye paa?

La pili ni lile lile. Umekaa peke yako mno. Chumba cha watoto tunaweza kukigawa, ukaja ukakaa nasi ukapumzika. Fikiria tena, tafadhali. Na nieleze kwa nini siku hizi unaandika herufi kubwa kama za bango la duka.

Barua hii nampa dereva wa lori la vitambaa, kama zote.

Mwanao,
Mama Mkasi


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hema si pazia lenye paa. Lakini nimelishona kama pazia, kwa sababu ndiyo kazi niijuayo, na dereva analo nyuma ya kiti chake. Mwambie asilikalie.

Kitambaa ni kile kizito kilichobaki kwenye mapazia ya wodi za hospitali, na ndani nimetia bitana nyeusi, mara mbili. Ukifunga zipu, hata jua likiwa utosini, humo ni giza tupu. Watoto watalala mpaka muwatamani. Katikati nimening'iniza shuka jeupe, upande mmoja wenu, upande mmoja wa watoto. Nyie bado vijana.

Herufi zangu ni kubwa ili Mkasi asome mwenyewe bila kukusumbua. Unauliza kila kitu.

Kuhusu kuhama, jibu ni lile lile. Unakumbuka walivyomfanya dada yangu. Wanawe walimchukua kwa mapenzi mema kabisa, wakampokonya sufuria, wakampa kiti. Alikaa kwenye kiti hicho akiulizwa kama amekula, mpaka akafa. Mimi nina cherehani yangu na wateja wangu, na hakuna anayeniuliza kama nimekula. Tusirudie habari hii.

Mfunike Kifungo kifua.

Mama yako


Tarehe 6 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na kalamu tangu watoto watoke kucheza, na sijui nianzie wapi. Acha nianze na mabaya ili yaishe.

Mvua. Tulifika, Baba Mkasi akapigilia vigingi kama anajenga reli, na tulipokuwa tumeshalala ikaanza kunyesha. Maji yakapita kwenye mshono wa upande wa watoto. Kifungo aliloa, akalilia nyumbani, akaililia hata mashine ya kusaga. Mkasi akatangaza kwamba kambi ni adhabu na akauliza tumekosa nini. Tukawavuta upande wetu, wanne tukabanana, na mume wangu akaninong'oneza kwamba kukicha tu tunafunga virago. Nikakubali. Nilisinzia nikipanga uongo wa kukuandikia.

Nilipoamka palikuwa kimya, na giza lilikuwa vile vile ulivyoahidi. Mume wangu alikuwa ameshatoka. Kwenye ukuta wa upande wa ziwa, kama kimo cha kiuno changu, kulikuwa na doa jeupe linalong'aa, dogo kama kifungo cha shati. Nikajua ni tundu. Nikasema moyoni, Mama naye! Nikageuka kutafuta kitu cha kuliziba, na hapo ndipo nilipoliona lile shuka.

Mama, ziwa lilikuwa kwenye shuka.

Sisemi kivuli wala sitii chumvi. Ziwa lenyewe, na rangi zake, na mng'ao wake, lakini maji yalikuwa juu na mbingu ilikuwa chini. Miti ilining'inia vichwa chini, majani yake yakitikisika kwa upepo ambao mimi sikuusikia. Mawingu yalipita polepole kwenye pindo la shuka, karibu kabisa na miguu ya Kifungo aliyelala. Korongo mmoja alisimama kichwa chini kwenye maji. Akanyanyua mguu. Akafikiri. Akaurudisha. Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, sijui niliogopa kumtisha nani.

Kisha akatokea mtu anatembea miguu juu, ndoo mkononi, na maji hayamwagiki. Ni Baba Mkasi anarudi kutoka kuchota maji. Nikasikia sauti pembeni yangu, Kifungo ameamka: "Mama, mshike Baba! Ataangukia mawinguni!"

Mkasi hakusema kitu. Nakuambia tena kwa sababu najua hutaamini: Mkasi alinyamaza. Alikaa, akatazama, kisha akachomoka nje bila viatu, na mara tukamwona anaingia kwenye shuka, mdogo, kichwa chini, anatupungia mkono. Akaruka, na kila aliporuka alikwenda chini. Kifungo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasogea, akanyosha kiganja chake, na korongo akasimama kiganjani. Mtoto akaufumba mkono polepole sana ili asimwumize. Alipotazama, korongo alikuwa amesimama juu ya vidole vyake, mzima, anatafuta samaki. Mama, hapo nililia.

Nilimwita mume wangu ndani. Unamjua, ni mtu ambaye akiona kitu kinafanya kazi huuliza skrubu iko wapi. Alikaa chini na ndoo yake katikati ya magoti, hakuuliza lolote. Baadaye alinieleza kwamba mwanga hupita tunduni ukiwa umenyooka, wa juu unatua chini na wa chini unatua juu, na penye giza la kutosha unajichora wenyewe. Nimeelewa. Hata hivyo bado nashangaa, na nadhani nitashangaa mpaka nizeeke.

Jua lilipopanda na kuanza kulipiga hema upande ule, picha ikafifia, tukabaki tunatazama shuka tupu. Hakuna aliyetaja virago tena. Tulikaa siku zote tulizopewa, na kila asubuhi watoto waliamka wenyewe, wakajipanga mbele ya shuka kimya. Hata kimya chenyewe Kifungo amekizoea. Anakiita "sauti ya ziwa."

Sasa niambie, ulijuaje? Giza lile, shuka lile jeupe, tundu lile mahali pake hasa. Ulipanga yote hayo na hukutoa hata fununu! Nimewaambia watoto kwamba Bibi yao alituwekea dirisha la ajabu kwa makusudi, na Mkasi ameshautangazia mtaa mzima. Nilikuwa nakuona mama anayeshona mapazia. Nisamehe kwa kukuona mdogo hivyo.

Mwanao ambaye bado kichwa kinamzunguka,
Mama Mkasi


Tarehe 6 Julai

Mama mkwe,

Shikamoo. Nimempa dereva barua hii mbali na ile ya mwenzangu, na mwenzangu hajui.

Mimi ndiye niliyelikunja hema. Mshono uliovuja unaanza kwa uzi mweusi na unamalizikia kwa uzi wa bluu. Pini umeziacha humo humo, moja imenichoma. Na lile tundu, nilipokunja kitambaa, lilikaa sawasawa juu ya tundu la pete ya kupitishia kamba kwenye pindo. Nadhani ulipokuwa unatoboa pindo, ukuta wa hema ulikuwa umejikunja chini yake, ukatoboka nao, na wewe hukuona.

Mama, nimekujua tangu ulipotaka kuninyima binti yako kwa sababu suruali yangu ilikuwa na pindo lililopinda. Mtu huyo haachi pini kwenye hema la wajukuu.

Sijamwambia mtu. Ziwa nimeliona kwa macho yangu, na niko radhi kuapa kwamba ulilipanga. Ila nataka kujua jambo moja tu. Unaona?

Mkweo,
fundi baiskeli


Tarehe 14 Julai

Mkwe wangu,

Lile pindo lilikuwa limepinda kweli, na sijutii.

Sioni vizuri. Ni kama mtu amenitilia bitana machoni, na kila mwezi anaongeza nyingine. Daktari wa macho alishaniambia mwaka jana: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alisema wanapasua na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, akasema kama anayezungumzia kukata kucha. Niliogopa kisu. Lakini zaidi ya kisu niliogopa kiti. Mke wako akijua tu, atakuja na lori, atabeba mimi na cherehani, na cherehani haitafika. Basi nashona kwa vidole. Barua zenu nazisoma nikiwa nimekaa mlangoni, jua likiwa kali, neno moja moja.

Ile yake ya ziwa nimeisoma hivyo, ikanichukua mchana kutwa, na nilipomaliza nilirudia. Mwache aamini. Maisha yangu yote watu wamenisifu kwa kufungia mwanga nje, hakuna aliyewahi kunisifu kwa kuuingiza ndani. Nionee huruma, unyamaze.

Na ile pini, samahani.

Mama mkwe wako


Tarehe 20 Julai

BIBI,

SHIKAMOO. BABA AMESEMA NIANDIKE KUBWA SANA. SIJUI KWA NINI, WEWE SI MTOTO.

TULIZIBA DIRISHA KWA BLANKETI TUKATOBOA TUNDU KWENYE KARATASI. TUKAONA GEREJI KICHWA CHINI! MAMA AMEKASIRIKA KIDOGO SABABU YA BLANKETI. LAKINI ZIWA NI ZURI KULIKO GEREJI.

KIFUNGO ANAULIZA ULIONA NINI SIKU ULIPOLIJARIBU HEMA. MAANA WEWE ULINIFUNDISHA FUNDI HUJARIBISHA KWANZA NDIPO AMPE MTU. MIMI NIMEMWAMBIA ULIONA CHEREHANI KICHWA CHINI. KIFUNGO ANASEMA ULIONA NG'OMBE. NANI AMESHINDA?

UNIJIBU MIMI, SI MAMA.

MKASI


Tarehe 29 Julai

Mwanangu,

Mkasi ameniuliza niliona nini siku nilipolijaribu hema. Nilianza kumjibu. Niliandika kwamba niliona ua, na kamba ya nguo, na cherehani, ili ashinde. Kisha nikaichana karatasi. Watu wazima nimeweza kuwadanganya bila shida, lakini yule mtoto alitaka kujua tu, na mkono ulinigomea.

Sikuona kitu. Sikulijaribu hema. Tundu sikulipanga, nililitoboa kwa bahati mbaya kwa sababu macho yangu yamekwisha, na mvua iliyomlowesha Kifungo ilipita kwenye mshono wangu uliopinda. Hizo herufi kubwa si za Mkasi. Ni zangu. Mume wako aligundua, nikamwomba anyamaze, akanyamaza. Usimgombeze. Au mgombeze kidogo tu.

Nilikuficha kwa sababu ya kile kiti cha dada yangu. Hilo unalijua, sitalirudia.

Sasa nikueleze lililonipata. Nilikuwa nimeshakubali kufa na macho haya. Kushona, vidole vinatosha; kulia, macho haya yanatosha. Kisha ikaja barua yako, na yule korongo wako anayenyanyua mguu na kufikiri. Mwanangu, wivu umenishika, wivu wa kitoto kabisa. Kitu cha ajabu kama hicho kimepita mikononi mwangu, nimekikunja mimi mwenyewe, nimekifunga kamba, nikampa dereva, na watu wote wamekiona isipokuwa mimi. Silali. Nataka kukiona.

Kwa hiyo nimekwenda kwa daktari. Jicho la kulia kwanza, mwezi ujao. Naogopa. Ukitaka kuja, njoo, lakini sikiliza masharti. Cherehani haisogei hata hatua moja. Na neno "kupumzika" lisisikike nyumbani kwangu.

Mwambie Mkasi bado hakuna mshindi.

Mama yako


Tarehe 4 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nilimgombeza kidogo. Amekubali makosa, kisha akarudi kujaza matairi upepo.

Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Si kwa sababu ya macho. Ni kwa kuwa uliniogopa. Nimekaa hapa kazini, kwenye kiwanda cha sabuni, wakati wa mapumziko, mikono inanuka, najiuliza ni mimi gani huyo unayemfungia mlango kama mwizi. Halafu nikazisoma barua zangu za nyuma, maana wewe ukishazisoma hunirudishia ili nizitunze. Kila moja inasema njoo upumzike, njoo upumzike. Nimemwona huyo mtu, na mimi pia ningemfungia.

Nitakuja siku ya upasuaji. Nitakupikia, nitakutilia dawa, kisha nitarudi kwangu. Nasema tena, nitarudi. Chumba cha watoto hakigawanyiki hata nikitaka, Kifungo amekijaza mawe ya ziwani.

Nilikuuliza ulijuaje. Kumbe hukujua, hakuna aliyejua, na ziwa lilikuja hivyo hivyo. Nimejaribu kulifikiria hilo na akili inafika mahali inasimama.

Hema nalipakia kwa dereva, akufikishie mapema. Hatujagusa chochote, hata pini.

Mwanao


Tarehe 11 Septemba

Mwanangu,

Herufi hizi ni ndogo. Mkasi akishindwa kuzisoma, avae miwani.

Ulipoondoka nilitii yote uliyoniambia. Sikuinama, sikubeba, sikupiga chafya ila moja iliyonishinda. Daktari aliponiachia, nikamwita jirani seremala na vijana wake, wakanisimamishia hema uani, lile tundu likitazama nyumba. Waliniuliza kama nahama. Nikawaambia ndiyo, mpaka saa sita.

Nikaingia, nikafunga zipu, nikakaa. Giza, na lile doa. Kwa kitambo sikuona kitu, nikaanza kujiambia kwamba jicho limekataa, kwamba nimechelewa, kwamba mnaona nyie vijana tu. Kisha shuka likaanza kupata rangi, taratibu, kama kitambaa kinachokolea kwenye beseni.

Paa la nyumba yangu lilikuwa chini. Moshi wa jirani ulishuka. Seremala alipita na ubao begani, miguu juu, anapiga mluzi niliousikia nyuma yangu huku yeye akiwa mbele yangu. Nguo kwenye kamba zilisimama wima kama zinataka kuruka. Na kati ya nguo hizo kulikuwa na sketi moja ya jirani, ya bluu. Bluu, mwanangu! Nilikuwa nimesahau. Miaka hii yote nilidhani dunia imechakaa tu, kama kitambaa kilichofuliwa mno, kumbe bluu ilikuwepo muda wote, kali vile, ikinisubiri. Nililia kwa jicho moja, maana jingine bado halijui kilichotokea.

Halafu nikaona mlango wangu, na mlangoni, pale nilipoisogeza kufuata mwanga, cherehani. Kichwa chini, gurudumu linang'aa, inaning'inia kwenye sakafu na haianguki. Nikanyosha kiganja kama Kifungo. Ikatua mkononi. Cherehani nzima, ambayo vijana wawili wanaibeba wakilalamika, ilikaa kiganjani mwangu, haina uzito, na mimi mwanamke wa umri huu nikaufumba mkono taratibu ili nisiiumize.

Mwambie Mkasi ameshinda.

Baadaye nililitoa hema juani na kuutazama mshono wangu. Mwanangu, ni aibu. Mumeo ni mtu muungwana kutaja uzi na pini peke yake. Nimeufumua wote, nimeutoa kila uzi na kila pini, nimeshona upya mara mbili, na maji hayapiti tena hata mkiliweka ziwani. Dereva anawaletea wiki hii. Likizo ijayo mtanichukua, twende wote, nataka kuonana na yule korongo. Jicho la pili litakuwa tayari.

Na lile tundu sijaliziba. Nimelizungushia uzi wa bluu, mishono midogo midogo, iliyobanana, kama tundu la kifungo cha koti zuri. Sasa waambieni watu kwamba Bibi aliliweka kwa makusudi.

Mama yako